Dar hadi Songea: safari ya kuwatafuta waliobaki na timu zao ziliposhuka daraja

Nimeiandika simulizi hii baada ya kurejea Dar es Salaam, kwa msaada wa daftari nililokuwa nikiandika ndani ya mabasi na picha nilizopiga kwa simu. Safari ilifanyika Julai 2025, wakati ligi zilikuwa zimemalizika na wachezaji wengi wako makwao.

Nimezaliwa Songea na timu yangu ni Majimaji, Wanalizombe, iliyoshuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018 na mpaka ninapoandika haya haijarudi. Kazini huulizwa mara kwa mara kama bado nina timu, na anayeuliza huwa hana nia mbaya; kwake timu ni ile inayoonekana kwenye televisheni mwishoni mwa juma. Nilitaka kujua watu wa miji mingine iliyowahi kuonja Ligi Kuu wanalijibuje swali hilo, na kama daraja lina uzito wowote kwa shabiki wa kweli. Kwa hiyo, badala ya kupanda basi la moja kwa moja hadi Songea, niliigawa njia vipande vipande.

Jumanne: Dar es Salaam hadi Morogoro

Nilipanda treni ya umeme, daraja la kawaida, kwa Sh 13,000. Kwa watakaofuata njia hii: kata tiketi mapema, fika na kitambulisho, na usitegemee kwamba treni itakusubiri kama basi linavyosubiri. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo tenga fedha za bajaji.

Nilishuka Morogoro kuitafuta Mseto. Vijana wengi hawalijui jina hilo, ingawa Mseto ndiyo timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara, mwaka 1975. Niliuliza sokoni, nikauliza kwa vinyozi, nikaelekezwa kwa wazee waliokuwa wakicheza drafti chini ya mwembe. Hakuna aliyeweza kunionyesha ofisi ya timu wala uwanja wake wa mazoezi. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alizungumza zaidi kuhusu Reli Morogoro, Kiboko ya Vigogo, kwa sababu ndiyo aliyoitumikia kwa miguu yake akiwa kijana. Nilipomuuliza kama alikata tamaa timu ziliposhuka, aliiacha kete aliyokuwa ameishika hewani na kunijibu: "Mwanangu, timu ikishuka unaifuata huko ilikoshukia. Ikitoweka, utaifuata wapi?"

Nililala nyumba ya wageni karibu na Msamvu kwa Sh 20,000, safi, yenye maji ya moto asubuhi.

Jumatano: Morogoro hadi Iringa

Basi liliondoka Msamvu saa mbili asubuhi. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwendo ni wa pole kwa sababu anayegonga mnyama hutozwa faini kubwa, na madereva wanaiheshimu sheria hiyo kuliko nyingi nyingine. Pale Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu na maji. Nunueni maji hapo, kwa sababu baada ya hapo unaanza Mlima Kitonga, na Kitonga haina ratiba.

Siku hiyo lori lililobeba saruji lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona, likaziba njia yote. Tulikaa pale tangu saa nane mchana hadi jioni. Mama mmoja wa Ilula, aliyekuwa akirudi kutoka kumuuguza dada yake Morogoro, alifungua kapu lake na kugawa mahindi ya kuchemsha kwa safu yetu nzima ya viti bila kumuuliza mtu jina. Kondakta naye aliwashusha watoto na mama zao, akawatafutia kivuli kwenye ukingo wa barabara na kuwachungia mizigo. Niliwashukuru wote wawili na ninawashukuru tena hapa.

Tulifika Iringa usiku, baridi ikiwa kali. Nilipita tu Uwanja wa Samora asubuhi iliyofuata kabla ya kuondoka. Lipuli, Wanapaluhengo, walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019, wakafungwa na Azam bao 1-0 mjini Lindi, na mwaka uliofuata wakashuka daraja. Muuza magazeti jirani na uwanja aliniambia kwamba fainali ile bado inazungumzwa kila wiki, lakini kushuka kwenyewe huzungumzwa mara chache, kwa kuwa kila mtu anaijua habari hiyo na hakuna jipya la kuongeza.

Alhamisi: Iringa hadi Mbeya

Kipande hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo. Mafinga na Makambako tulizipita bila tukio. Makambako alipanda kijana mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ubaruku, wilayani Mbarali, akaketi kando yangu. Nilipomweleza ninachokitafuta alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, sisi timu yetu haijashuka daraja. Iko Ligi Kuu. Lakini hatunayo."

Alikuwa anazungumzia Ihefu, timu iliyokuwa ikicheza kwao Ubaruku. Msomaji anayefuatilia soka atakumbuka Novemba 2022, pale Yanga walipofika Uwanja wa Highland Estates wakiwa hawajapoteza mchezo wa ligi katika mechi 49, wakaondoka wamefungwa mabao 2-1. Oktoba 2023 walirudi, wakafungwa tena 2-1. Kijana huyu alikuwepo mara zote mbili. Alinieleza jinsi watu walivyotembea kwa miguu kutoka mashambani, wengine wakiwa na matope ya majaruba bado miguuni, na jinsi filimbi ya mwisho ilivyopulizwa watu wakakumbatiana na wasiowajua. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na kubadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars, na msimu wa 2024/25 ikamaliza katika nafasi nne za juu.

Kwa maana ya daraja, timu ile imepanda juu zaidi ya pale ilipokuwa Ubaruku. Nilimuuliza kama anaitazama. Alisema aliitazama mechi mbili kwenye banda la video, akawaona baadhi ya wachezaji anaowafahamu kwa sura, akatoka kabla ya mapumziko kwa sababu hakujua amshangilie nani. Sasa Jumapili huenda kutazama ligi ya wilaya, ambako mpwa wake anacheza beki wa kulia.

Sina ugomvi na watu wa Singida; nao wana haki ya kuwa na timu, na wanaishangilia kwa moyo. Lakini tangu basi lilipoipita Rujewa, kijana akashuka na kunipungia mkono akiwa tayari juu ya bodaboda, nimeamini kwamba mjadala wetu kuhusu madaraja umeelekezwa mahali pasipo penyewe. Tunawahurumia mashabiki wa timu iliyoshuka, na hatuna hata neno la pole kwa mashabiki wa timu iliyopanda ikaondoka.

Nauli ya siku hiyo ilikuwa Sh 23,000. Tulifika Stendi ya Nane Nane jioni.

Ijumaa: Mbeya na Tukuyu

Mbeya nilikuta furaha. Mbeya City, walioshuka mwaka 2023, walikuwa wamepanda tena, na jezi za zambarau zilikuwa zimetundikwa kwenye vibanda kuanzia Mwanjelwa hadi Soweto. Dereva wa bajaji alinikumbusha msimu wao wa kwanza, 2013/14, walipomaliza nafasi ya tatu na mashabiki wakawa wanasafiri na timu mkoa hadi mkoa. Nilimuuliza alifanya nini katika miaka ya chini. Alijibu kwamba alikuwa anakwenda Sokoine kama kawaida, tofauti ikiwa kwamba alikuwa anapata pa kuketi.

Tukuyu ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa Coaster, Sh 5,000, barabara ikipanda na kushuka katikati ya migomba na mashamba ya chai. Chukueni koti la mvua hata kama Mbeya kuna jua. Mimi sikuwa nalo, na mama muuza ndizi aliniazima mwavuli wake akisema nimrudishie nitakapokuwa naondoka, kana kwamba tulikuwa majirani. Niliurudisha saa kumi jioni, nikala kwake sahani ya mbalaga, yaani ndizi za kupika, na maharage kwa Sh 3,000.

Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, mbele ya Simba na Yanga. Kutoka hapo walitoka wachezaji kama Godwin Aswile na Sekilojo Chambua, ambao nchi nzima iliwajua baadaye wakiwa Yanga. Hivi sasa ni karibu miaka 40, na mji haujaona tena ubingwa wa namna ile.

Nilielekezwa kwa fundi cherehani mwenye duka dogo karibu na stendi, kwa sababu, niliambiwa, "yule ndiye mwenye timu." Hakuwa kiongozi wa klabu wala hajawahi kuwa. Kazi yake ni nyavu za magoli. Nilimkuta ameutandaza wavu mmoja kwenye sakafu ya varanda, mtoto wake ameshika ncha moja na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali ameshika nyingine. Uzi anautoa kwa wavuvi wa Kyela, wa nailoni, ule wa kushonea nyavu za ziwani. Alipima kila tundu kwa vidole vitatu, akafunga fundo, akalivuta kwa meno, akakata, akahamia tundu linalofuata. Viraka vyake vyote ni vya bluu ilhali wavu wa awali ulikuwa mweupe, na nilipotazama vizuri nikaona kwamba nyeupe iliyobaki ni ya kutafuta. Goli zima karibu lilikuwa la bluu. Kazi hiyo haimlipi. Aliniambia kwamba mpira ukipita kwenye tundu watu hugombana kama ni bao au si bao, na katika ligi za chini hakuna kamera ya kuwaamulia, kwa hiyo wavu mzima ni amani ya mji.

Mwaka ule wa 1986 alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Nilimuuliza kama huwa anasema "sisi tulikuwa mabingwa" au "wao walikuwa mabingwa." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Sisi," alisema, na kuuvuta uzi.

Jumamosi: Mbeya hadi Songea

Basi la asubuhi lilirudi Makambako, likakata kulia kuelekea Njombe. Baridi ya Njombe mwezi Julai haina mchezo. Abiria wazoefu walikuwa na mablanketi, na mimi nilijikunja ndani ya sweta moja. Tulisimama kula, Sh 6,000 kwa wali na kuku wa kienyeji, na nikaketi meza moja na mfanyabiashara wa parachichi kutoka Kisii, Kenya, aliyekuwa akikagua mashamba hadi upande wa Ruvuma.

Kumbe naye ni mtu wa Shabana, timu ya kwao Kisii. "Ndugu yangu," alisema, "sisi tulishuka 2006, tukarudi 2023. Hiyo ni miaka 17. Kuna kijana alizaliwa tukiwa chini, akamaliza shule tukiwa bado chini, na 'Tore Bobe', kibwagizo chetu, anakiimba kuliko mimi." Alieleza jinsi Uwanja wa Gusii ulivyokuwa ukijaa hata kwa mechi za ligi ya pili, na jinsi timu wageni zilivyokuwa zikishangaa. Nami nikamweleza kuhusu Pamba ya Mwanza, iliyoshuka mwaka 2001 na kurudi 2024 ikiitwa Pamba Jiji. Tulihesabu pamoja miaka hiyo kwa vidole kama watu wanaohesabu umri wa watoto wao.

Alinipa jambo moja la kufikiria. Timu ilipopanda, alisema, walirudi watu wengi waliokuwa wamepotea, na hakuwakasirikia, kwa kuwa kelele zao zinasaidia na tiketi zao zinalipa mishahara. Kitu pekee anachokiomba kwao ni wasimfundishe yeye nyimbo.

Tulifika Songea magharibi. Stendi kuu iko kata ya Tanga, mbali na katikati ya mji, kwa hiyo msishangae mkiona basi limesimama mahali msipopajua. Bajaji zipo hadi usiku. Mama mdogo alikuwa amenisubiri Mfaranyaki na ugali na mbasa wa Ziwa Nyasa.

Jumapili: Songea

Jioni kulikuwa na mchezo wa kirafiki kwenye Uwanja wa Majimaji, kikosi cha vijana wa timu dhidi ya vijana wa mitaa iliyounganishwa. Watu walikuwa mia kadhaa, wengi wao jukwaa moja, na ngoma ya lizombe ililia tangu kabla ya timu kuingia. Niliketi na wazee wanaokaa mahali pale pale nilipowaacha utotoni. Walizungumza kuhusu Celestine "Sikinde" Mbunga na Steven Mapunda "Garincha" kwa sauti ya kawaida, kama unavyomzungumzia ndugu aliyesafiri.

Mmoja wao, babu wa jirani zetu, alinionyesha kadi yake ya uanachama. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari, umekunjwa mara mbili. Picha imefifia hadi zimebaki nyusi na kola ya shati. Nyuma kuna safu za mihuri ya ada, na nilijikuta nikiutafuta mwaka 2018 kwa kidole, nikitarajia kuona pengo baada yake. Muhuri wa 2018 upo, na wa 2019 unafuata, ila wino umebadilika kutoka bluu kuwa zambarau kwa sababu mtunza hazina alinunua kidau kipya. Pengo lipo mahali pengine, mwaka ambao mke wake aliugua, na mwaka uliofuata kuna mihuri miwili iliyobanana katika chumba kimoja.

Nilimuuliza kama kucheza chini kunamuuma. Alikiri kwamba kunamuuma sana, na alitaka niliandike hilo, kwa sababu alichoka kusikia watu wakisema mashabiki wa timu ndogo wamezoea. Kisha akanipa hesabu ambayo sikuwa nimeipiga. Majimaji ikiwa Ligi Kuu, alisema, siku Simba au Yanga wanapokuja uwanja hufurika. Magari hutoka Mbinga, Namtumbo na Tunduru, lakini robo tatu ya waliomo wamekuja kwa ajili ya mgeni, na Wanalizombe hubanwa kwenye kona ya uwanja wao wenyewe. Daraja la chini ngoma yao ndiyo ngoma pekee. Nami nilikuwa mmoja wa wanaohusika na maneno hayo, maana kama Watanzania wengi nina timu ya pili huko Kariakoo, Yanga, na sijawahi kulazimika kuchagua tangu 2018.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema daraja si kitu. Mama muuza karanga alinieleza kwamba mechi ya Yanga ilikuwa inamaliza mabeseni matatu, na jioni hiyo alikuwa hajamaliza nusu ya moja. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 wa kurusha Ligi Kuu ulikuwa wa Sh 225.6 bilioni kwa miaka 10, na timu ikishuka inatoka kwenye mgawo huo huku basi lake likiendelea kunywa mafuta yale yale kwenda mikoa ya mbali. Vijana wenye vipaji huondoka. Na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa na miaka tisa timu iliposhuka, alikuja uwanjani amevaa jezi ya Yanga, kwa kuwa hiyo ndiyo timu aliyoiona ikicheza. Shabiki mwaminifu daraja halimwondoi. Linachozuia ni yeye kupata wa kumrithi. Hofu hiyo niliisikia kwa wazee wale kuliko aibu yoyote ya kuwa chini.

Vijana wa Majimaji walishinda 2-1. Baada ya mchezo lilipitishwa daftari la michango ya maandalizi ya msimu, kila mtu akiandika jina na kiasi, kuanzia Sh 1,000. Mdogo wangu aliandika Sh 500, na mtunza hazina akamkatia risiti kama wengine.

Nilimweleza babu habari za Ubaruku. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama wale watu walishirikishwa kabla timu haijaondoka. Nikamuuliza: akija tajiri aseme Majimaji itapanda hadi Ligi Kuu mwaka ujao, ila ichezee mkoa mwingine na kwa jina lingine, atasemaje? Hakufikiri hata kidogo. "Aiache hapa hapa," alisema. "Tutapanda wenyewe."

Kwa watakaokwenda

Mabasi ya Songea kwenda Dar es Salaam huondoka alfajiri na safari hula siku nzima. Mimi nililipa Sh 55,000. Ratiba za ligi za chini hubadilika, kwa hiyo pigeni simu kwa mtu wa mjini kabla ya kukata tiketi. Uwanjani, ukitaka kuketi na Wanalizombe, fuata ngoma, na uwe na noti ndogo ndogo mfukoni kwa ajili ya daftari.